Maelekezo mafupi, darasa tulivu: kwa ticha uliyepangiwa kusini na watoto 90

Fujo nyingi za darasani hazianzi na mtoto mtukutu, zinaanza na mdomo wa mwalimu. Najua hapo kuna ticha keshanuna ila nifuatilie kwanza. Siku ukiwa huna kipindi simama nje ya darasa la jirani usikilize, utagundua kelele zinaanza pale pale mwalimu anapomaliza kutoa maelekezo, maana nusu ya darasa haijui inatakiwa kufanya nini so wanaulizana, "kasemaje? ukurasa wa ngapi? tunaandika au tunasoma?", na watoto 90 wakiulizana kwa pamoja chini ya bati hiyo ndo tunaiita fujo. Mwalimu anagonga meza na dasta, anapaza "KIMYAAA", wananyamaza, bado hawajajua cha kufanya, baada ya dakika moja wanaanza tena kuulizana. Hapo utasikia stafu, "watoto wa huku hawafundishiki". Wanafundishika bana.

Haya naandika hasa kwa ajili ya ajira mpya na walimu wa fildi mnaoletwa Tandahimba, Nanyumbu, Liwale, Ruangwa na kwingineko huku kwetu Mtwara na Lindi, chuoni mmefundishwa kwa mfano wa darasa la watoto 45, mkifika mnakuta mara mbili yake, dawati moja wamebanana wanne na kitabu kimoja kinagombaniwa na dawati zima. Vitabu na madawati siyo kazi yako kuvileta. Mdomo wako ni wako, tuanze na huo.

Kwanza wanyamaze, ndo useme

Usiongee juu ya kelele. Ukiongea huku wao wanaongea unawafundisha kwamba maneno yako yanaweza kusubiri, na sauti ya mwalimu anayepayuka kutwa nzima inakuwa kama redio ya jirani, ipo tu, hamna anayeisikiliza. Alafu koo lenyewe ni moja na vipindi ni vingi, ikifika saa tano huna sauti.

Tafuta ishara moja ya kuwanyamazisha na ubaki na hiyo hiyo mwezi mzima. Kwa darasa la kwanza mpaka la nne makofi ya mdundo yanafanya kazi vizuri sana, unapiga pa, pa, pa-pa-pa, wao wanajibu pa pa na mikono inabaki juu ya dawati. Huku watoto wamekua na ngoma, sindimba wanaicheza kabla hawajajua kuandika majina yao, mdundo wanaudaka fasta. Au tumia ya hadithi, unasema "Paukwa!" wanajibu "Pakawa!" alafu kimya. Watoto wengi jioni wanaenda chuo kusoma Kurani, kuitikia kwa pamoja wameshazoea, we tumia mazoea hayo kuwakusanya, usiyatumie kufundishia kipindi kizima (nitafika huko).

Kwa wakubwa, la sita, la saba na sekondari, paukwa watakucheka. Hao simama sehemu moja mbele, ile ile kila siku, mkono juu, mdomo umefungwa, subiri. Mara ya kwanza utaona sekunde haziendi. Usikate tamaa ukaanza "nasubiri nyie... nawaona nyie wa nyuma... tunapoteza muda jamani..." maana hapo umeshaanza kuongea juu ya kelele. Subiri kimya, waangalie. Wakinyamaza usiwape hotuba ya kuwasema kwa nini wamechelewa kunyamaza, anza kazi moja kwa moja. Ile hotuba ndo inakula kipindi, na kipindi chenyewe ni dakika 40 tu.

Maelekezo yenyewe

Hapa nakaa kidogo maana ndo penye shughuli.

Sikiliza maelekezo haya, yapo kwenye shule zetu kila siku: "Haya sasa toeni madaftari yenu ya hisabati alafu mfungue ukurasa mpya, sio wa jana eeh, wale ambao hamna penseli muazimane ila msisumbuane, mtafanya swali la kwanza mpaka la sita ila la nne mliruke kwa sababu hatujafika huko, na mkimaliza mlete mezani, Salumu nimesema nini, kaa chini, na mpige mstari pembeni, haya anzeni."

Hesabu mwenyewe mambo mangapi yamo humo. Mtoto wa darasa la nne atakumbuka la kwanza na la mwisho, yani madaftari na mstari pembeni, hayo ya katikati atamuuliza mwenzie. Na ubaya mwingine, neno "toeni madaftari" likishatoka tu mabegi na mifuko inafunguliwa, na kuanzia hapo hausikiki tena.

Ukitaka yakae vizuri fanya hivi. Kabla hujasema chochote andika ubaoni "Hisabati. Swali la 1, 2, 3, 5, 6." Wakiwa bado hawajagusa kitu waambie: "Mkono juu ya dawati. Nitasema vitu vitatu." Unanyoosha kidole kimoja, "Daftari la hisabati." Cha pili, "Maswali haya matano ya ubaoni." Cha tatu, "Kila mtu peke yake." Basi, umemaliza. Mambo ya penseli yatatue kabla ya kipindi, na la mstari pembeni utalisema baadae wakiwa wameshaanza, unapita dawati kwa dawati.

Alafu usiseme "anzeni" bado. Kagua kwanza. "Mwanahamisi, daftari lipi?" "La hisabati." "Hamisi, maswali mangapi?" "Matano mwalimu." "Somoe, unafanya na nani?" "Peke yangu." Sekunde kumi na tano zimeisha. Ndo unasema "Anzeni." Neno la kuanzia liwe moja na lije mwisho kabisa, na kitu chochote cha kugawa, iwe karatasi, vitabu au visoda vya kuhesabia, kigawe baada ya kukagua na sio kabla, maana mtoto mwenye kitu mkononi hana masikio.

(Hapo kwenye vya kuhesabia, kokoto na visoda vinatosha. Msimu wa korosho utashawishika kutumia korosho zenyewe kwa vile zimejaa kila mahali. Usifanye hivyo, kwanza zitapungua, watazibanika njiani wakirudi, pili maganda ya korosho mbichi yana mafuta yanayobabua ngozi, mama mtu atakuja shuleni na mtoto mwenye vidole vilivyobabuka.)

Kitu kingine, maelekezo yawe ya kitu cha kufanya, yasiwe ya kitu cha kuacha. "Acheni kelele" haimwambii mtoto afanye nini. "Macho ubaoni" inamwambia. "Msikimbie" badilisha iwe "tembea". "Usichezee kalamu" badilisha, "kalamu chini". Maneno mawili matatu yanatosha, na wala hayahitaji hasira kuyasema.

"Mmeelewa?" "Ndiyooooo!"

Hili swali naomba tulizike. Hakuna darasa Tanzania nzima lililowahi kujibu hapana. Mtoto akisema hajaelewa anaonekana mjinga mbele ya wenzie na mwalimu anakunja sura, so wote wanasema ndiyooo, tena wale ambao hawajaelewa ndo wanaivuta zaidi.

Ndugu yake ni ile ya kumalizia maneno. "Mmea unatengeneza chakula chake kwenye maja...?" "...niii!" "Kwa kutumia mwanga wa ju...?" "...aaa!" Inachangamsha, ukipita nje utasema humo somo limekolea, kumbe wanachomalizia ni silabi tu. Jaribu kumsimamisha mmoja umuulize mmea unakula nini uone. Sisemi uiache kabisa, kwa kukumbusha istilahi mpya mara moja moja sio mbaya, na kwa mtoto mwoga kusema ndani ya kundi ni pa kujifichia huku anajifunza kutamka. Ila isiwe ndo njia yako ya kupima.

Cha kuuliza badala yake ni kitu kinachomlazimu mtoto aonyeshe. "Mwambie mwenzio wa dawati, kwa maneno yako, mmea unakula nini. Dakika moja." Wote 90 wanashiriki kwa mara moja, nusu wanasema nusu wanasikiliza, we unapita unatega sikio dawati tatu nne, umeshajua kama darasa limeelewa au bado. Au njia ya vidole, unatoa majibu matatu ubaoni, wanaonyesha kidole kimoja, viwili au vitatu wakibana mkono kifuani ili asimwangalie jirani. Kwa kuangalia mara moja tu unaona darasa zima. Bure kabisa, hata chaki haili.

Kuuliza swali na kusubiri

Utaratibu wetu wengi ni huu, "Hamisi, kumi na saba mara nne ni ngapi?" Ukishataja Hamisi, wengine 89 wameshapumzika, swali sio lao. Geuza. Swali kwanza, kimya, jina mwisho. "Kumi na saba mara nne..." subiri, zungusha macho, "...Zuhura."

Hapo kwenye kusubiri kuna mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alirekodi masomo ya sayansi akakuta walimu wengi wakishauliza wanasubiri kama sekunde moja tu ndo wanarukia kwa mwingine au wanajibu wenyewe. Walipovuta mpaka sekunde tatu na zaidi majibu yakawa marefu, wanaosema "sijui" au kukaa kimya wakapungua na wale waliokuwa hawajibugi wakaanza kujibu. Sekunde tatu, haigharimu kitu. Ukiona inakushinda hesabu kimoyomoyo, moja korosho, mbili korosho, tatu korosho.

Alafu wale wa "mimi mwalimu! mimi mwalimu!" wanaochomoka mpaka nusu wanasimama juu ya dawati, wanadata vidole karibu na pua yako. Ni haohao sita kila siku na ni raha kuwachagua maana wanajibu sawa na kipindi kinasonga. Ila unafundisha watu sita. Kata vipande vya boksi, andika jina la kila mtoto, tia kwenye kopo, vuta jina. Mwanzoni watalalamika, baadae wanaupenda maana ni kama bahati nasibu. Akivutwa mtoto hajui usimwache asimame kwa aibu mpaka kipindi kiishe, mpe njia, "muulize mwenzio, nakurudia", na kweli umrudie. Usiporudi wamejua kwamba "sijui" ndo mlango wa kutokea.

Kusifia nako. "Vizuri sana, mpigieni makofi matatu" ni sawa kuchangamsha, lakini mtoto hajui kafanya nini kizuri. "Umeandika kipimo, sentimita, wengine tumesahau" hiyo inawafundisha na wengine thelathini waliosahau kipimo, utawaona wanainama kuongeza.

Macho, miguu, mgongo

Mwalimu anayekaa kwenye kiti mbele anafundisha madawati mawili ya kwanza, huko nyuma ni serikali nyingine. Tembea. Mtoto anayechezea kiberiti au anayechora mpira kwenye daftari la uraia, husimamishi somo kumtaja, we endelea kuongea huku unaenda kusimama jirani yake, gonga dawati lake kidole kimoja, endelea na sentensi yako. Amejirudi, na wengine hata hawajajua kama kuna kitu kimetokea. Ukimtaja kwa sauti umelisimamisha darasa zima kwa ajili ya mtu mmoja, na kuna watoto ndo hiyo steji wanaitafuta.

Ubaoni simama ubavu, sio mgongo. Andika kidogo geuka kidogo. Kama kuna maelezo marefu ya kunakili yaandike asubuhi kabla ya kengele, au mpe kiranja mwenye mwandiko mzuri.

Kuna mtu anaitwa Jacob Kounin, Mmarekani pia, alichambua video za madarasa na mwaka 1970 akaja na kitu ambacho walimu wa zamani wanakijua bila kusoma, kwamba mwalimu mwenye darasa tulivu na mwenye darasa la fujo hawatofautiani sana kwenye namna wanavyoadhibu, wanatofautiana kwenye kuzuia. Yule wa kwanza anaonyesha kwamba anaona kila kona, na somo lake halina mapengo. Mapengo ndo adui. Dakika ambayo we unatafuta chaki, unajaza mahudhurio, unatoka nje kuongea na mzazi, hiyo ndo dakika ya vita vya karatasi. So kabla ya kuita mahudhurio weka kitu ubaoni, maswali mawili ya jana, wafanye wakati we unaita majina.

Ile orodha ya wapiga kelele anayoandika kiranja, binafsi siipendi. Kiranja anawaandika maadui zake anawaacha mashosti, na jioni unaanza kuamua kesi za uongo. Mpe kiranja kazi ya kugawa na kukusanya, ya upolisi usimpe.

Mtoto akikosea neno

Wengi nyumbani wanaongea Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua, Kiswahili wanacho ila kina ladha ya nyumbani, atakwambia "chamaki" na darasa lililokaa mjini Mtwara litaangua kicheko. Kucheka kwako mwalimu ndo ruhusa ya wao kucheka. Mtoto akisema "mwalimu, chamaki anapumua kwa matamvua", jibu lake ni sahihi, we mrudishie tu, "Ndiyo, samaki anapumua kwa matamvua, na chura je?" Amesikia, atarekebisha mwenyewe siku moja, na kesho atanyoosha mkono tena. Ukimsimamisha atamke "sa, sa, samaki" mbele ya watu mara tano, umempoteza mpaka mtihani wa mwisho.

Darasa la kwanza vijijini kabisa, kama we ni mgeni, jifunze maneno machache ya nyumbani, njoo, kaa, sikiliza, umeumia wapi. Muulize mwalimu mwenzio mwenyeji au wazee wa pale. Huhitaji kufundishia kwa lugha hiyo, lugha ya darasa la msingi ni Kiswahili, ila mtoto wa wiki ya kwanza akisikia neno moja la nyumbani kilio kinapungua.

Fomu wani na Kingereza

Hawa wametoka la saba wakisoma kila kitu kwa Kiswahili, wanaingia sekondari baiolojia, jiografia, hisabati vyote vimegeuka Kingereza. Wanakaa kimya sio kwa adabu, hawajakusikia.

Chagua sentensi chache za darasani na uzitumie hizo hizo, usibadilishe badilishe. Leo "Open your books", kesho "Turn to page twelve", keshokutwa "Get out your textbooks please", kwako ni kitu kimoja kwake ni mitihani mitatu. Sema moja, onyesha kwa mkono, nyamaza. Na hii muhimu, usitafsiri papo hapo. Ukisema Kingereza alafu sekunde hiyo hiyo Kiswahili wanajifunza kusubiri Kiswahili, Kingereza kinapita tu. Sema, onyesha, kagua kwa kitendo, wakishindwa kabisa ndo utoe Kiswahili mara moja na urudi.

Maneno mapya sita saba ya somo yaandike kona ya ubao na yasifutwe mpaka kengele. Alafu ruhusu wajadili kwa Kiswahili wawili wawili, jibu walitoe kwa Kingereza, na mwanzo wa sentensi uwape ubaoni, mfano "The function of the root is to...". Mtoto mwenye hoja lakini hana sentensi hapo anapata pa kuanzia. Ile ya kumvalisha mtoto kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili, mi sioni inachofundisha zaidi ya kunyamaza.

Yule mmoja anayekusumbua

Usitishe kitu ambacho huwezi kufanya. "Nitawafukuza wote!" hutawafukuza, wanajua. Sema kidogo, tekeleza yote.

Ongea nae pembeni. Huku hili lina uzito wake maana kuna watoto wanatoka likizo ya Desemba wamepita jando au unyago, wamefundishwa kwamba sasa ni wakubwa, alafu Januari unamwita mbele ya wadogo zake unamtukana kama mtoto. Lazima akujibu, hana namna, heshima yake iko pale. Mwite wakati wa kutoka, simameni mlangoni, sauti ya chini, "Leo mara mbili umenikatiza. Kuna nini?" alafu nyamaza, msubirie kama unavyosubiria jibu la hesabu. Mara nyingi kuna kitu. Hajala tangu jana, au kaamka usiku kuchota maji maana Newala na Tandahimba kule juu maji ni shughuli, au haoni ubaoni. Ukijua ni macho unamhamishia mbele na kesi imeisha.

Mpe kuchagua ndani ya mipaka, "unamalizia hapa na mwenzio au unahamia dawati la mbele, we amua", alafu ondoka, usimsimamie kichwani. Akiwa na watu wanamwangalia na we umemsimamia, hata kama anataka kutii hawezi.

Kuhusu fimbo, kwa vile mtaniuliza. Kanuni zipo, za mwaka 2002, na zinasema adhabu ya viboko ni ya makosa mazito, visizidi vinne, anayetoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni, na kila tukio liandikwe kwenye kitabu. So yule mwalimu anayezunguka na fimbo anagonga kila mgongo unaonong'ona, hiyo haipo hata kwenye kanuni. Na kiufundi tu, ukiingia na fimbo macho yote yanaifuata fimbo.

Makundi kwenye darasa lililobanana

Sahau kupanga madawati duara, hamna nafasi na sakafu ya udongo itatimua vumbi mpaka mshindwe kuonana. Dawati la mbele linageuka nyuma, basi, umepata kundi la watu sita mpaka nane bila kusogeza kitu. Kila kundi lina mwandishi, msemaji, mtunza muda na wengine ni wa kutoa mawazo, na kazi hizo zizunguke maana ukiwaachia wenyewe msemaji ni yule yule na mwandishi ni msichana yule yule mwenye mwandiko. Toa muda mfupi kuliko unaotosha, dakika nne badala ya kumi, wakilia ongeza moja. Kelele za makundi zitakuwepo, sio dhambi, sikiliza tu wanaongelea nini. Jirani akilalamika mweleze.

Msimu wa korosho na mvua

Kuanzia Oktoba mahudhurio yanayumba, mashambani kuna kuokota, na anayerudi baada ya wiki anakuta umeshafika mbali. Usimpokee na "karibu mheshimiwa umeuza kilo ngapi", darasa litacheka na kesho harudi. Akae, mwenzie wa dawati amuonyeshe daftari, kutoroka kwake utamuuliza baadae na mzazi wake. Kuna walimu huwa wanageuza hiyo kuwa hesabu, gunia, kilo, bei ya mnada, makato, na hapo aliyetoka shamba ndo mwenye majibu. Naona ni akili.

Mvua ikishika bati, husikiki hata ukipiga filimbi. Usishindane nayo. Kabla msimu haujaanza kubalianeni alama za mkono, kusoma kimya, kuandika, kufanya wawili wawili, na uwe na kazi ya akiba ubaoni, insha fupi au ramani ya kuchora. Ikikatika mnaendelea.

Kumaliza

Acha dakika tatu za mwisho, usifundishe mpaka kengele inalia alafu unapaza kazi ya nyumbani juu ya vishindo vya miguu, hiyo kazi hamna aliyeisikia. Kazi ya nyumbani iandikwe ubaoni katikati ya kipindi. Mwishoni kila mmoja amwambie mwenzie kitu kimoja alichopata, wawili wavutwe kwenye kopo waseme kwa sauti, vitabu vihesabiwe vikiwa bado juu ya madawati na sio mlangoni. Alafu watoke kwa mstari wa madawati, ule uliotulia unaanza. Ijumaa kabla ya swala wote wana haraka na we pia una haraka, so siku hiyo kusanya vitabu mapema zaidi na kipindi cha mwisho usianzishe mada mpya.